Kitufe ambacho hakuna aliyekiomba

Mwanzoni mwa 2024 Microsoft walitangaza kwamba kibodi za laptopu za Windows zinapata kitufe kipya, cha kuita ile akili bandia yao ya Copilot, na wakajisifu kabisa kwamba hilo ni badiliko kubwa la kwanza kwenye kibodi yao kwa karibu miaka thelathini, tangu kile kitufe chenye alama ya dirisha kije miaka ya tisini. Miaka thelathini jamani! Watu wamekaa wamefikiria miaka thelathini halafu wametuletea kitufe cha kumwita mtu ambaye hatuna shida naye. Na kwenye laptopu nyingi wamekipachika palepale ilipokuwa Ctrl ya kulia, sasa mimi siku nzima mkono mmoja umeshika karatasi za watu, mwingine unatafuta Ctrl na P za kuprinti, Ctrl na P, mteja akija na laptopu yake mpya nikiigusa tu, pap, dirisha linafunguka linaniuliza leo likusaidie nini. Lisaidie kuondoka, nyuma hapo kuna foleni.

Nina stesheneri Wandegeya, Kampala, hapa chini ya kilima cha Makerere. Kuprinti, fotokopi, kubaindi, kulamineti, picha za pasipoti, kujazia watu fomu za mtandaoni, na mobaili mani pembeni kwenye kameza ka mbao. Kiswahili msishangae, nimekulia kambi ya polisi Naguru, kule ukiongea lugha ya kwenu jirani anadhani unamsengenya, kwa hiyo wote tulikuwa watu wa Kiswahili. Kompyuta sijasomea. Lakini kama unataka kuona teknolojia inavyowatoa watu jasho njoo ukae hapa kwangu wiki ya mwisho ya kukabidhi kazi za chuo, utaona mtu mzima ana shahada anaiomba simu msamaha.

Watu huniuliza, ssebo wewe unashinda na hizi vitu, nishauri simu gani mpya ninunue. Na mimi kila nikijaribu kujibu nakwama kwa sababu tofauti sizioni. Chukua simu ya 2019 na ya mwaka huu, zilaze kifudifudi mezani, hesabu macho ya kamera, basi umemaliza uchunguzi. Zinapiga picha nzuri zaidi, haya, nakubali, usiku sasa sura inaonekana, na hapo niwape haki yao hawa wa Tecno na Infinix waliokaa wakarekebisha kamera ili ngozi nyeusi isitoke kama kivuli, hiyo ilikuwa akili. Lakini ukiniuliza ni kitu gani simu ya leo inamfanyia yule mwanafunzi ambacho ile ya 2019 ilishindwa kumfanyia, nitakwambia nisubiri nihudumie huyu kwanza.

Kinachobadilika kwa kasi ni vile vinavyoondolewa. 2015 Samsung walitoa Galaxy S6, betri huwezi kuitoa na memori kadi hakuna pa kuchomeka, kwenye simu ambayo ndugu yake wa mwaka uliotangulia alikuwa navyo vyote viwili. 2016 Apple wakaja na iPhone 7 bila tundu la hedfoni, na mkubwa wao wa masoko akasimama jukwaani akasema huo ni ujasiri, na siku hiyohiyo, jukwaa hilohilo, wakatangaza AirPods za dola 159. Ujasiri! 2020 ikaja iPhone 12 bila kichwa cha chaja ndani ya boksi, eti kwa ajili ya mazingira, wengine wakawacheka, na haikupita hata miezi minne Samsung nao wakafanya hivyohivyo kwenye S21. Ni kama mwenye nyumba anayeng'oa bomba la uani halafu anakuuzia maji kwa jerikani, na bado anataka umshukuru kwa kukuletea mlangoni.

Betri ndiyo inaniuma zaidi. Wakubwa mtaikumbuka BL-5C ya Nokia. Ile betri ilikuwa inaingia kwenye 1100, inaingia kwenye simu nyingine za Nokia sijui ngapi, Wachina wakatengeneza redio zinazotumia betri hiyohiyo, spika ndogo zinatumia hiyohiyo, mpaka leo ukienda mjini unaipata kwa muuza vitu vya barabarani kaipanga juu ya boksi pamoja na miswaki. Simu ikizima unachomoa, unachomeka ya jirani, unapiga, unamrudishia. Hiyo ndiyo ilikuwa pawa benki. Sasa Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria 2023 inayotaka kuanzia Februari 2027 vifaa vingi viwe na betri ambayo mwenye kifaa anaweza kuitoa mwenyewe, na utaona, kuna siku mtu atapanda jukwaani atuoneshe simu ambayo mfuniko wake unafunguka kwa kucha na watu watampigia makofi.

Tuje kwenye nafasi. Kila siku ya Mungu kuna mtu amesimama mbele ya kaunta yangu anafuta vitu kwenye simu. Juzi kati kulikuwa na binti kaja kuprinti barua yake ya kujiunga na chuo, barua yenyewe ni PDF ndogo tu, haifiki hata nusu ya picha moja, simu ikamwambia nafasi imejaa. Simu ya GB 32, akifungua kuangalia, karibu nusu imekaliwa na mfumo wenyewe pamoja na maprogramu ambayo ilikuja nayo dukani na hayafutiki, gemu za pipi, sijui habari, sijui soko, mavitu ambayo hajayafungua hata siku moja. Yeye alichoruhusiwa kufuta ni vyake. Akasimama pale anafuta video za harusi ya dada yake, moja moja, kila moja anaiangalia kidogo kabla ya kubonyeza, watu nyuma wanakohoa. Nikamwambia mdogo wangu, nipe flashi nikuhamishie, akasema flashi iko hosteli. Mwisho tukatumia kompyuta yangu akaingia kwenye imeili yake, imeili ikasema imetuma namba za siri kwenye simu, simu ikasema haiwezi kupokea ujumbe kwa sababu nafasi imejaa. Hapo hata waliokuwa wanakohoa walicheka.

Halafu apdeti. Mtu wa California ana intaneti ya nyumbani hailali, yeye apdeti ya giga mbili haimhusu, inashuka usiku amelala. Hapa mtu ananunua data ya siku, na kwenye hiyo data kuna kodi ya asilimia 12 tangu 2021, iliyokuja kuchukua mahali pa ile ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ambayo ilianza Julai 2018 na kila mtu akajifunza VPN, ile programu ya kuikwepa kodi hiyo, kwa wiki moja. Sasa simu inajiamulia yenyewe kushusha apdeti, data imekwisha, salio hakuna, na ukiwasha simu baadaye kilichobadilika ni umbo la saa na mahali walipohamishia kitufe cha tochi. Na ukikataa apdeti nako hupati amani, kwa sababu WhatsApp wana utaratibu wao wa kuacha simu za zamani, kama Januari 2025 walivyoziacha Android za 4.4 kurudi chini, na hapa Uganda mtu akikosa WhatsApp amekosa ukoo, amekosa kazi, amekosa hata kujua darasa limehamishiwa wapi.

Kompyuta zangu hapa ni za mtumba, siwafichi. Zilitoka Ulaya huko kwenye maofisi, zikaja na vumbi lao, nikaziongezea ramu na diski ya SSD, zinapiga kazi mpaka leo bila kelele. Windows 10 ikawa inaniandikia kila asubuhi kwamba msaada wao unaisha tarehe 14 Oktoba 2025, nihamie 11. Nikasema sawa, tuhame. Ikapima kompyuta ikasema hii haifai, haina ile chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa yake haimo kwenye orodha. Haifai! Kompyuta ambayo dakika tano zilizopita imeprinti kitabu kizima cha mtu wa udaktari. Hakuna kilichoharibika, hakuna kilichopungua, ni mtu tu kakaa mahali kaandika orodha na sisi hatumo. Nimeingiza Linux kwenye moja, ule mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, inaenda vizuri, ila wateja wakiiona wanaogopa kuigusa wanadhani ni ya benki.

Sasa printa. Nilijua nikianza kuandika nitafika hapa.

Kampuni sitaitaja, hata modeli sitaitaja. Ilikuwa printa ya katriji nne, nyeusi, bluu, nyekundu, njano. Kijana mmoja kaja na tasnifu, kurasa nyingi, maandishi meusi matupu, hata nembo ya chuo aliiweka nyeusi makusudi ili bei ishuke. Anatakiwa awe amekabidhi kabla ya saa kumi na moja. Inaprinti, inaprinti, ikafika katikati ikasimama, taa inapepesa, kwenye skrini imeandika wino wa bluu umekwisha, badilisha katriji uendelee.

Kijana akaniambia, "Ssebo, lakini kazi yangu yote ni nyeusi."

Namwambia najua.

"Si uiambie tu iendelee na nyeusi?"

Niiambie. Unajua nilijaribu? Nilibonyeza kila kitu chenye neno ndiyo. Wenye kampuni wana maelezo yao, wanasema rangi huchanganywa kidogo ndani ya nyeusi ili iive, na kwamba vichwa vya wino visipopitiwa na wino vinakauka. Sawa, hayo ni ya kitaalamu, lakini mimi na yule kijana tulikuwa tayari kupokea nyeusi isiyoiva. Hakuna mahali pa kukubali. Katriji ya bluu peke yake bei yake, ukijumlisha kurasa zote za yule kijana kwa shilingi mia mbili mia mbili, bado haitoshi kuinunua. Nikatuma mtu mbio kwa jirani tukamalizia huko, na faida ikabaki huko huko.

Na usidhani katriji za bei nafuu zitakuokoa. Mwaka 2016 HP walifika mpaka kwenye magazeti ya dunia, Septemba hiyo watu waliamka wakakuta printa zao zinakataa katriji za kampuni nyingine zilizokuwa zinafanya kazi jana yake, kumbe apdeti ilikuwa imeshaingia zamani inasubiri tarehe. Walikuja kuomba radhi kwa namna walivyowasiliana, mnaona jinsi maneno yalivyochaguliwa. Yangu haikuwa ya kwao lakini tabia zao zinafanana, chipu ndogo kama punje ya mchele pembeni ya katriji, na hiyo chipu haifanyi lolote kwenye wino, kazi yake kubwa ni kuulizwa wewe ni wa nani.

Lakini mimi si mtu wa kulia tu kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Zamani tulipanga foleni kwenye simu ya sarafu. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na wakati hawa watu walikuwa wanakuja kutuangalia. Kweli kabisa, wanakuja, wanakaa, wanaangalia.

Kambini Naguru mwishoni mwa mwezi mzee wangu alikuwa hatumi pesa nyumbani Soroti kwa basi tena, maana bahasha zilikuwa zinafika zimekonda. Ananunua vocha ya kukwangua, anaikwangua, haingizi kwenye simu yake, anampigia mwenye kibanda cha simu kule kijijini anamsomea namba moja moja kwa sauti ya paredi, kambi nzima inasikia. Yule wa kibanda anaingiza vocha kwenye simu yake, atakuja kuwauzia watu dakika, anakata chake kidogo, kinachobaki anampa bibi taslimu. Hakuna kampuni iliyobuni hiyo. Ni askari, waalimu, wauza samaki, watu tu. Na kuna waliokuwa wanaangalia: mwaka 2002 kulikuwa na watafiti wa Kiingereza walioandika kwamba Uganda, Ghana na Botswana watu wanatumiana vocha kama pesa, 2007 M-Pesa ikaanza Kenya, 2009 MTN wakaleta mobaili mani hapa. Nokia nao walikuwa na mtu wao anaitwa Jan Chipchase ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka akiona watu wanavyoishi na simu, Uganda alifika katikati ya miaka ya 2000, akaona vibanda, akaona simu moja inatumiwa na mtaa. Mwaka 2007 Nokia wakatoa simu ya 1200, ya bei ya chini kabisa, ina vitabu kadhaa vya namba ndani ya simu moja ili kila anayeitumia awe na majina yake, na unaweza kuweka kikomo cha muda au gharama kabla ya kumpa mtu apige. Tochi ilikuwa imeshaingia tangu 1100 ya 2003, ile iliyouzwa zaidi ya milioni 250, na mpaka leo hapa simu ndogo yoyote tunaiita katochi.

Laini mbili vilevile. Kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo kila mtu ana laini mbili tatu kwenye pochi, anazichomoa na kuzichomeka mpaka kile kibati kinalegea. Tecno wakaona, wakaleta simu ya laini mbili, na Nokia wenyewe waliokuwa wafalme wakachelewa mpaka 2010 ndipo wakatoa ya kwao, na mnajua nani anauza sasa na nani tunamkumbuka tu. Au hata printa! Epson walipoanza kuuza printa za matangi ya wino, zile unajaza kwa chupa, hawakuanzia Marekani, walianzia Indonesia mwaka 2010, kwa sababu watu wa maduka kama langu kule walikuwa wameshachoka na katriji wakawa wanatoboa printa wanapitisha mipira kutoka kwenye chupa zilizowekwa pembeni. Kampuni ikaona hawa hawazuiliki, ikatengeneza yenyewe. Marekani ilisubiri mpaka 2015. Kwa hiyo tunaweza kusema mtu wa fotokopi wa Jakarta ndiye aliyemfundisha kazi mhandisi, na mimi jambo hilo linanipa raha sana, sijui kwa nini.

Sasa siku hizi wanamwangalia nani? Mwaka 2024 kuna kampuni ya Humane ilitoa kidude cha kubandika kifuani, Ai Pin, unaongea nacho badala ya simu, dola 699, hapa kwetu hiyo ni kama milioni mbili na nusu, halafu kila mwezi unalipia dola 24 juu yake. Februari 2025 wakaiuzia HP mali zao kwa dola milioni 116, na tarehe 28 mwezi huohuo vidude vikazimwa, vyote, umebaki na kishikizo cha shati cha bei mbaya. Hicho hakikutoka kwenye shida ya mtu yeyote. Huwezi kuniambia kuna mtu popote alikuwa anatembea na chupa na mpira akitafuta hicho.

Na shida za kuangalia zipo tele, hata usitembee mbali. Njoo uone meza ya wakala wa mobaili mani. Ana katochi mbili zimefungwa pamoja kwa raba bendi, mgongo kwa mgongo, moja ya mtandao huu moja ya ule, anazigeuza kama mtu anayechoma chapati, halafu pembeni kitabu cha mistari alichokichora mwenyewe kwa rula: tarehe, jina, namba, kiasi, sahihi. Kila anachoandika kwenye kitabu simu ilishakijua. Anaandika tena kwa mkono kwa sababu mteja akirudi kesho na ugomvi, kitabu ndicho kitakachomtetea, simu ujumbe unafutika, katochi haibebi mamia ya meseji. Nani amewahi kukaa akaitazama ile raba bendi? Miaka inakwenda, *165#, ile namba ya kufungulia mobaili mani ya MTN, bado ni ileile, na siisemi vibaya, inafanya kazi bila data, inafanya kazi kwenye simu iliyopasuka, ni kitu kizuri kuliko apu nyingi ninazozijua. Ila ile meza haijaguswa. Aliyebuni mara ya mwisho kwenye ile meza ni mwenye kiwanda cha raba bendi.

Au umeme ukikatika. Waifai inakufa sekunde ileile hata kama umeme umepepesa tu, halafu inachukua muda kurudi, mteja alikuwa katikati ya fomu, fomu imerudi ukurasa wa kwanza. Kwa nini ruta isiwe na betri ndani? Simu ina betri, laptopu ina betri, saa ina betri, mswaki siku hizi una betri. Hapa fundi wangu alinitengenezea kaboksi kwa seli alizozitoa kwenye betri ya laptopu iliyokufa, maana betri ya laptopu ikifa mara nyingi ni seli moja mbili tu, zilizobaki ni nzima, akazifunga na tepu nyeusi, ruta sasa haijui kama umeme umeondoka.

Huyu fundi anakaa Mutaasa Kafeero, pale mjini kwenye jengo la simu, ana meza ndogo kuliko trei ya chai na darubini juu yake. Nilimkuta anabadilisha kioo cha iPhone. Kioo kimekaa, picha inaonekana, nikadhani amemaliza, kumbe kazi ndiyo inaanza: Apple wameiwekea simu akili ya kutambua kwamba kioo si kile ilichozaliwa nacho, unapata ujumbe kwamba kipande hakitambuliki, na mteja akiona ule ujumbe anadhani ameibiwa. Kwa hiyo fundi anachukua kioo kilichopasuka, anakipulizia hewa ya moto, anabandua chipu moja ambayo bila darubini huioni, anaihamishia kwenye kioo kipya pini kwa pini, ameshika pumzi. Marekani jimbo la Oregon lilipitisha sheria 2024 ya kukataza mambo haya ya kufunganisha vipande. Fundi hana habari ya Oregon. Nikamuuliza hii umejifunzia wapi, akasema, "Mzee, YouTube ya Wahindi, na kuunguza." Kuunguza simu za nani sikuuliza.

Sasa huyo kijana mshahara hana, maabara hana, anashindana na wahandisi wa Apple kule Cupertino kwa kutumia kibanio cha nyusi, na anashinda. Ukiniambia ubunifu umekwisha duniani nitabisha. Umehama tu, na wale wenye viwanda hawajui anwani yake mpya.

Mimi printa ya katriji niliiuza, na niliyemuuzia nilimwambia ukweli akacheka akasema yake ni ya mapambo ofisini. Nikanunua ya matangi, ya kampuni moja, si lazima niitaje, na kwa miezi mingi tuliishi kwa amani, chupa ya wino unaiona kwa macho imebaki kiasi gani, hakuna chipu, hakuna maswali. Halafu asubuhi moja taa mbili zinapepesa kwa zamu, haiprinti, haiskani, haijibu. Nikaibeba kwenye boda mpaka mjini. Fundi akaifungua nyuma akanionesha kuna sponji ndani ya kunyonya wino unaomwagika wakati printa inajisafisha, na kuna kihesabio kwenye programu ambacho hakiangalii sponji, kinahesabu tu, kikifika namba yake kinafunga duka. Sponji lenyewe tulilitoa tukaliangalia, upande mmoja mweusi, upande mwingine ungeweza kulala juu yake. Akachomeka kebo kwenye laptopu, akafungua kaprogramu fulani ka Kirusi au Kichina sikuelewa maandishi, akabonyeza mara mbili, kihesabio kikarudi sifuri, taa zikatulia.

Elfu thelathini. Nikamwambia kijana, umebonyeza mara mbili tu. Akasema elfu mbili ni za kubonyeza, zilizobaki ni za kujua pa kubonyeza, tukabishana mpaka tukaishia ishirini na tano na soda, na wakati naifunga kwenye boda akanipigia kelele toka mlangoni kwamba ikiniuliza apdeti, nikatae.